Jina Lililomficha Baba Yako

Makote, Newala

Mwanangu Nambunga,

Salamu siandiki. Asubuhi umeniamkia, nimekuitikia marahaba, na sasa umeteremka bondeni na debe langu. Kabla hujapotea kwenye kona nimemsikia Mama Sofia wa nyumba ya pili akikutania, "Nambunga, baba, wewe ulitoka jandoni au unyagoni? Mwanaume na debe!" Nawe ukamjibu, "Basi nipe Sofia anichotee, Mama." Nimecheka peke yangu humu ndani. Halafu nikavuta sanduku lako la mbao, lile ulilokwisha kulipanga, nikaweka karatasi juu yake.

Mimi kiuno hiki kikinipeleka bondeni na kunirudisha, asubuhi yote imekwisha. Wewe una miguu ya mbuzi, lakini kisimani leo madebe ni mengi, utangoja zamu. Nina nafasi. Sitakuandikia habari za kufua shati wala za kuchemsha maji ya kunywa, hayo umeyasikia mpaka ukayachoka. Nina neno moja, na nisipoliweka hapa juu nitalizungukazunguka mpaka nisikie miguu yako mlangoni.

Baba yako amekufa, mwanangu. Alikufa zamani, huko huko Mtwara, wewe ukiwa hujang'oa hata jino la kwanza. Kesho utapanda lori ukiwa na imani kwamba pale bandarini, katikati ya makuli, utaona mtu mwenye mabega kama yako, umwendee, umwambie shikamoo Baba. Hayupo. Usitazame mabega ya watu.

Bibi yako hajui. Jana amekufungia korosho za kubanika kwenye kitambaa cheupe akakwambia, "Mpe baba yako. Mwambie meno yangu yamekwisha, anitafunie yeye." Nilikuwa nimesimama pale pale na ungo mkononi. Nilitazama chini kama mtu aliyedondosha kitu.

Utauliza, Mama umejuaje, na umenyamaza kwa nini. Nitakwambia vyote, ila inabidi nianzie kwenye mji wa Mikindani, kwa sababu bila mji ule hutanielewa.

Tangu mwalimu wenu alipowaeleza habari za Mikindani, boma la Wajerumani kilimani, nyumba za ghorofa za Wahindi, soko la kale, umekuwa ukiniuliza, "Mama, wewe ulifika. Ulionaje?" Nami nakujibu, "Kuna joto." Ukanuna, ukadhani nakunyima. Kweli nilikunyima.

Mimi, unajua, ni mtoto wa misheni ya Masasi. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikajua kuandika, kushona na kuimba zaburi. Baba yako alikuja kule kufyatua matofali ya shule, akanipigia mluzi siku tatu, siku ya nne nikageuka. Wajomba zangu hawakutaka. Kwetu mwanaume ndiye anayehamia kwa mkewe, sasa huyu anataka kunipandisha kwao. Mjomba wangu mkubwa aliniambia, "Haya nenda. Unakwenda kuolewa na kiu." Niliona ni maneno ya mzee tu. Siku ya kwanza nilipoteremka bondeni na kupanda tena na debe kichwani, nililia njia nzima, machozi yakachanganyika na maji yaliyokuwa yakimwagika, hakuna aliyejua kama nalia.

Nikamwuliza bibi yako, mdomo wake wa juu bado ukiwa na ndonya, kile kipambo cha mti, siku zile, "Mama, wazee walijenga juu huku kwa nini, na maji yote yako chini?"

Hakuacha kumenya muhogo. "Waliojenga kwenye maji walichukuliwa," akasema.

Hiyo ndiyo historia ya Mikindani niliyoisikia kwanza, kabla sijajua mji wenyewe uko upande gani. Watu wa kwenu walikimbia wakamatao watu, wakapanda kwenye vichaka huku, wakachagua kiu. Mwalimu wenu atakuwa amewaambia kwamba bandari ile ilitoa pembe na sandarusi na mpira. Ni kweli. Ila hivyo vyote vilishuka kwa kubebwa na watu, na watu hawakupanda tena. Katika vita ya Wajerumani na Waingereza, babu yangu mimi alichukuliwa Masasi kubebeshwa mizigo, akapelekwa hivyo hivyo kuelekea pwani. Bibi yangu alikuwa akimwekea chakula kwenye sahani jioni, mpaka sahani ikapasuka. Hakuna anayejua alipolala.

Baba yako hakukamatwa na mtu. Nataka ulijue hilo. Walikuja Wazungu wa karanga, wale wa mashamba makubwa, wakasema wanajenga bandari mpya Mtwara, kwa kuwa kule Mikindani meli kubwa haziingii. Wakataka vijana. Vijana wa Makote na Mkunya wakateremka wenyewe, kwa lori, wakiimba, mmoja akipiga debe tupu. Baba yako alivaa koti lake la kahawia. Kifungo kimoja kilikuwa kimekatika, nami nikakishonea kingine kutoka kwenye gauni langu la shule, cheupe, kikubwa kuliko wenzake. Akasema, "Wewe unataka nichekwe." Nikamwambia, "Nataka ujulikane." Akaondoka nacho.

Mwanzoni alimpa dereva wa lori kanga aniletee, ile niliyombebea mdogo wako aliyefariki. Halafu kimya. Masika yakaja, kimya. Watu wengine wakarudi, wakasema kambi ni kubwa, watu ni wengi, hawakumwona. Nilivuna, nikakuacha na bibi yako, nikapanda juu ya magunia ya muhogo nikateremka.

Lori lilinishusha Mikindani, maana siku zile ndiko lilikoishia. Nilisimama na furushi langu, sijui mashariki wala magharibi. Mama mmoja alikuwa anakaanga samaki kando ya njia, mnene, ana sauti kama ya mnadani. Jina lake Zuhura.

"Wewe wa juu," akaniita. "Njoo kivulini. Umesimama kama muhogo uliosahauliwa shambani."

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, lakini usinizeeshe. Unamtafuta nani? Maana ninyi wa juu hamteremki ila mnatafuta mtu."

Nikamwambia namtafuta mume wangu. Akafunika karai lake, akamwachia jirani yake samaki, akanishika mkono. Mwanangu, katika mji ule mzima huyo ndiye mtu niliyempata. Alinilaza kwake, alinilisha, na hakuniacha nitembee peke yangu. Kila tulipokwenda kuuliza, alinionyesha mji, kwa sababu hakujua kunyamaza.

Ni mji mzuri, nakubali. Usidhani nitakudanganya hata hapo. Ghuba imetulia kama maji kwenye beseni. Nyumba ni za mawe ya matumbawe, zina roshani za mbao zilizochongwa, na milango ambayo mtu anaweza kuitazama mpaka chakula kikaungua. Ila nilipofika mimi, mji ulikuwa unaanza kufa. Ofisi zilikuwa zinahamishiwa Mtwara. Wahindi wengine walikuwa wanafunga maduka. Roshani moja ilikuwa imelegea upande, na mbuzi amelala chini yake bila wasiwasi. Tulipopita bomani Zuhura akasema, "Hapa Mjerumani alifunga watu. Akaja Mwingereza akafunga watu. Sasa wanahama, sijui watamwachia nani ufunguo."

Kisha tukafika kwenye jengo moja lenye matao, kuta nene, ndani watu wanauza nazi na chumvi.

"Hapa ndipo walipouzwa," Zuhura akasema.

"Nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

Akanitazama. Ndiyo mara moja niliyomwona akitafuta neno. "Ninyi," akasema.

 Nilinunua chumvi. Sijui kwa nini, nilikuwa nayo nyumbani. Jioni ile, tukichambua mchele, Zuhura akaanza mwenyewe bila kuulizwa. Akasema bibi mzaa mama yake alikuwa haondoi ushungi mdomoni, hata akila anageukia ukutani. Siku walipomwosha maiti ndipo Zuhura, akiwa msichana, alipoona kwamba mdomo wa juu una tundu, mahali pa ndonya, kama wa bibi yako.

"Hapa mjini tulimwita Faida," akasema. "Ndilo jina alilopewa na aliyemnunua. La kwao hakulisema. Mama yangu alimwuliza mpaka akafa, hakulisema. Tukimsomea dua tunamsomea Faida. Sasa mimi najiuliza, huko zinakofika, kuna mtu anaitika?"

Ningelishika neno lile, Nambunga, nisingepotea kama nilivyopotea. Mji ule kazi yake ya kwanza, kabla ya pembe na mpira na karanga, ni kuchukua jina la mtu. Nililisikia kwa masikio yangu, na kesho yake nikaenda kambini Mtwara nikiwa na jina moja mkononi, nikaliamini.

Wewe umepita jandoni, sina haja ya kukufundisha. Mtu akitoka jandoni amepewa jina la utu uzima, na lile la utoto linazikwa. Kulitaja ni kumtukana, watu wamepigana kwa hilo. Hata mimi mama yako lako la zamani silitaji, wala siliandiki hapa, ingawa siku zile Zuhura aliniita mama wa jina hilo. Baba yako nilimkuta mtu mzima. Jina lake Chilumba. La utotoni sikulijua, wala mke wa heshima halitafuti.

Kambini tulimkuta karani kijana wa pwani, amekaa kwenye meza, mstari wa wageni mbele yake. Kila mmoja anapofika anamfokea, "Jina la kuzaliwa! Sitaki la ngomani! La kuzaliwa!" Ngomani kwake ndiyo jandoni. Wa juu wanaona haya, wanatazamana, wanasema kwa sauti ya chini, wengine nyuma wanacheka. Mimi nami nilicheka. Niliona kila kitu kwa macho yangu mawili, na sikuona kitu.

Nyapara mmoja mwenye jicho jekundu akatusikiliza. "Chilumba?" akasema. "Hapa Chilumba hakuna."

"Wa Newala," nikasema.

"Wa Newala kuna mmoja tulimzika mwezi wa Ramadhani. Homa, siku chache tu. Mtu mzuri. Hakuwa anakula samaki, akisikia harufu anatapika, tulikuwa tunamtania."

"Wa juu wote hawali samaki," nikasema upesi.

"Huyo jina lake Machicha."

Mwanangu, nilicheka. Niliweka mkono mdomoni lakini kicheko kilitoka. Machicha! Mtu akikamua nazi, yale yanayobaki anawatupia kuku. Nikamgeukia Zuhura, "Mtu mzima aitwe Machicha?" Naye akacheka, na hata nyapara akatabasamu. Nilicheka kwa raha, nakwambia ukweli, kwa sababu nilikuwa nimekuja nikiogopa kusikia amekufa, na aliyekufa ni mwingine.

Nyapara akasema, "Koti lake nimelitundika, nangoja ndugu zake. Njoo ulitazame, huenda unawajua watu wake."

Nikasema, "Hapana, baba. Vitu vya marehemu wa wenzangu sigusi. Mpeni pole mkewe akija."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa hiki kinachokuitikia marahaba. Mpeni pole mkewe akija.

Koti lilikuwa ukutani, hatua chache tu. Nilikuwa natakiwa kugeuza shingo. Sikugeuza, nilijiambia ni kwa sababu ya mwiko. Haikuwa mwiko. Nilikuwa na tumaini, nikaogopa kitu chochote kilichotundikwa kisije kikaligusa. Niliporudi Makote nilikuwa napiga vigelegele toka barabarani. Nikamwambia bibi yako, "Mama, hayumo kati ya waliokufa. Nimeuliza mpaka kwa nyapara." Akacheza pale uani na ndonya yake. Tukachinja kuku. Wewe ulipewa paja.

Basi tukaanza kusubiri, na miaka ile yote tumesubiri mtu aliyekwisha kuwa chini ya mchanga.

Sasa nakuja mahali ambapo nadaiwa na wewe. Siku mlipotolewa jandoni. Lipiko, yule mcheza ngoma wa kinyago, lilitoka na uso wake wa mti, watoto wakakimbia, ngoma zikapasua masikio, mkatolewa mmetiwa mafuta, mna nguo mpya, macho chini. Ukatafuta mama yako katika wanaocheza. Hukuniona. Baadaye uliniuliza mara moja tu, "Mama, kwa nini wewe hukucheza?" Nikakwambia kichwa kiliniuma. Najua hukuamini, na najua mpaka leo unalo moyoni.

Nilikuwa nyuma ya ghala, nimekaa chini. Muda mfupi kabla hamjatolewa, bibi yako alikuwa amekunywa kidogo kwa furaha, amesimama katikati ya wanawake, anajisifu. "Huyu mjukuu wangu anapata jina leo!" akasema. "Na baba yake hivyo hivyo. Watoto watatu walikuwa wamenifia. Wa nne nikasema huyu nitampa jina la uchafu, kifo kikimtazama kimwone takataka, kimpite. Nikamwita Machicha! Kikampita! Mkaona alivyokuja kuwa mwanaume!"

Wanawake wakanyamaza wote kama waliomwagiwa maji. Mama Sofia akamshika mkono, "Mama, umelewa." Bibi yako akajifunika mdomo kwa kanga, akaona haya. Alidhani wamenyamaza kwa sababu ametaja jina lililozikwa. Wao walinyamaza kwa hilo. Mimi peke yangu nilinyamaza kwa lingine.

Tazama, mwanangu. Karani alimwuliza la kuzaliwa. Baba yako alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa. Angeweza kusema Chilumba tena kwa ukali, angeweza kudanganya, angeweza kujitungia lolote, nani angejua. Lakini aliulizwa la kuzaliwa, akaona haya, akalisema. Jina lile lilimficha asionwe na kifo akiwa mtoto. Alipokuwa mtu mzima lilimficha nisimwone mimi.

Nilitaka kumwambia bibi yako siku ile ile. Nikamtazama anavyokushika mabega, anavyokutemea mate ya baraka, nikashindwa. Nimwambie nini? Kwamba lile jina alilomwokolea mwanawe ndilo lililomzika bila mtu wake? Nikasema nitamwambia kesho. Akaanza kuzeeka haraka. Ndonya akaivua, akasema inamlemea. Kila lori likipita barabarani ananyanyua kichwa. Sasa siwezi tena, na nakuomba na wewe usimwambie. Ukiandika barua, andika kwamba bado unatafuta. Huo ni uongo, na mimi mama yako ndiye ninayekufundisha. Mzee yule hana kingine cha kumwamsha asubuhi.

Wewe je, kwa nini nilikuacha uamini? Kwa sababu uliposoma kwa bidii, ulisoma ili umwandikie. Ulipojifunza kuendesha baiskeli ya katekista, ulisema ni ili siku moja umfuate. Nilikuwa nakutazama unakua juu ya kitu kisichokuwepo, na unakua vizuri. Niliogopa nikikiondoa utaanguka. Kosa langu ni lile lile la kule kambini. Sikugeuza shingo.

Kwa hiyo nakusihi, ukiwa huko, mtu akikwambia njoo utazame, nenda utazame. Hata kama unajua hutaki. Hasa kama hutaki.

Ningekuzuia usiende. Wiki nzima nimelala na neno hilo mdomoni. Halafu nakutazama unarudi shamba na jembe begani, panya wamekula mbegu, korosho ananunua mfanyabiashara yule yule kwa bei anayotaka yeye, na wanasema mabomba ya maji yanakuja, nami nitaamini siku nitakapolowa. Sina cha kukuonyesha nikasema baki kwa ajili ya hiki. Ndiyo maana nimenyamaza. Usidhani nimekubali.

Sikudanganyi kwamba utarudi. Wote walioteremka kutoka katika damu hii, ukiniacha mimi, sijamwona aliyepanda. Yule bibi wa Zuhura aliteremshwa kwa kamba, babu yangu kwa mzigo kichwani, baba yako kwa wimbo. Wewe unateremka na sanduku lenye kufuli na cheti cha shule, na mimi nimekushonea shati. Kila safari tunakwenda tumependeza zaidi.

Kaburi usilitafute sana. Nyapara alisema walimzika nyuma ya kambi, kwenye minazi. Waliotoka huko juzi wanasema kambi imevunjwa na pale pamepita reli, minazi haipo. Koti nalo, nani angelitundika miaka yote hii. Nenda siku moja tu, siku ya mapumziko. Simama karibu na reli popote, hapana tofauti. Taja jina lake. Anza na Chilumba, kisha taja lile lingine. Najua ni mwiko kwa mtoto, na kwa mke ni mwiko mkubwa zaidi, ndiyo maana nakutuma wewe na mimi nimeliandika tu. Lakini mtu yule alizikwa na watu waliomjua kwa jina moja, akaliliwa na watu wanaomjua kwa lingine. Angalau mara moja asikie yote mawili kwa sauti ya mtu wake. Korosho za bibi yako ziache hapo hapo. Usizile kwa hasira, wala usimpe mtu.

Zuhura sijui kama yuko hai. Ukipita Mikindani uliza muuza samaki mwenye sauti ya mnadani. Ukimkuta mwambie, yule wa juu alimpata mumewe. Atakumbuka tulivyocheka. Mwambie na yeye ageuze shingo, atafute jina la bibi yake, ingawa najua hatalipata.

Na la mwisho, hili si ushauri, ni amri. Karani akikuuliza jina la kuzaliwa, mpe Nambunga. Akikufokea, mpe Nambunga. Akisema hilo ni la ngomani, mwambie huko nilikozaliwa mimi ndiko ngomani. Wakubatize, wakusilimishe, wakupe namba ya shaba uivae shingoni, wewe useme Nambunga, mama yake yuko Makote. Mimi nikiona kimya kimezidi nitakuja, hata kwa kiuno hiki. Nitasimama mlangoni pao nikutaje kwa jina hilo, kwa sababu lingine nimeapa kutolitamka. Wakiniambia njoo utazame koti, safari hii nitatazama.

Nasikia Mama Sofia anakupigia kelele tena huko njiani, na wewe hujibu, maana shingo imekaza na maji. Umefika kwenye mwinuko wa mwisho. Mtu wa kukutwika kisimani hakosekani, hata asiyekujua atakutwika. Wa kukutua ni yule anayekungoja nyumbani. Huko uendako, bandarini, wa kukutwika watakuwa wengi, ndiyo kazi yenyewe.

Unaita, "Mama, nitue." Naja, mwanangu. Hili naweza kukutua. Haya mengine niliyokutwika humu nayatia chini ya mashati yako, na huko sitakuwepo.

Mama yako